Chuo Ulichosomea na Kazi ya Leta: Ni Nini Kinaangaliwa Kweli?



Kuna swali linalorudi kila tangazo la konkuru linapoanza kuzunguka kwenye simu zetu. Halihusu siku ya mwisho ya kuleta dosie, wala masomo yatakayoulizwa. Swali ni hili: "Yaya, sisi benye tulisomea hapa Uvira, bale ba Kinshasa na Bukavu habatatupita?" Mwingine anauliza kwa uchungu zaidi: "Niko na diplome ya Bujumbura, nijisumbue juu ya nini?" Na mdogo wetu aliyetoka juzi kupata D6 anataka kujua ajiandikishe chuo gani ili kesho Leta imchukue.

Mimi nilimaliza lisanse katika mambo ya utawala, na tangu hapo nimekaa na vijana wengi tukipanga dosie zao, karatasi moja moja. Niseme jibu langu mapema, kwa yule ambaye megabaiti zake ziko karibu kuisha. Jina la chuo peke yake lina uzito mdogo kuliko tunavyodhani. Lakini chuo hakiji peke yake. Kinakuja na mambo matatu: diplome inayotambuliwa au isiyotambuliwa, umbali kati yako na mahali ambapo uamuzi unachukuliwa, na watu wanaokupasha habari. Hayo matatu ndiyo yanayotupita sisi wa huku ziwani, si jina. Na tukiyachanganya yote tukayaita "jina la chuo", tunakata tamaa mahali ambapo tungeweza kufanya kitu.

Tuyachukue moja moja.

SHERIA INASEMA NINI

Tuanze na Katiba ya tarehe 18 Februari 2006. Kipengele cha 13 kinakataza Mkongomani yeyote kubaguliwa katika masomo na katika kuingia kazi za Leta kwa sababu ya dini, familia alimotoka, hali yake ya maisha, makazi yake, mawazo yake ya siasa au kabila lake. Kipengele cha 193 kinasema utawala wa Leta hauna chama, hauna upande, na mtu haruhusiwi kuugeuza kuwa mali yake au ya kikundi chake. Angalia vizuri ile orodha ya kipengele cha 13: neno "chuo" halimo, lakini neno "makazi" limo. Liweke kichwani, tutalirudilia.

Chini ya Katiba kuna sheria namba 16/013 ya tarehe 15 Julai 2016, inayohusu wafanyakazi wa Leta. Ndiyo iliyochukua nafasi ya ile ya zamani ya mwaka 1981. Sheria hiyo inaweka konkuru kuwa njia ya kawaida ya kuingia kazini. Konkuru haikuulizi ulisomea ukingoni mwa Mto Kongo au ukingoni mwa Tanganyika. Inakuuliza uko na diplome ya ngazi gani, kisha inakupa karatasi ya maswali.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa mahakimu. Sheria ya tarehe 10 Oktoba 2006 inayohusu mahakimu inadai mtu awe na lisanse au udaktari wa sheria. Diplome hiyo iwe imetoka katika iniversite ya hapa nchini, ya Leta au ya watu binafsi iliyokubaliwa kisheria. Kama imetoka nje ya nchi, iwe imepewa ekivalansi, maana yake Leta imethibitisha kwamba inalingana na yetu. Kwa hiyo ilipofunguliwa konkuru kubwa ya mwaka 2022 ya kutafuta mahakimu 5 000, mwanasheria wa UNIKIN na mwanasheria wa chuo kidogo cha jimboni walikuwa mbele ya mlango mmoja, mradi chuo cha huyu wa pili kiwe kimekubaliwa.

Hapo ndipo penye mfupa. Sheria haina vyuo vikubwa na vyuo vidogo. Ina vyuo vinavyotambuliwa na vyuo visivyotambuliwa. Na sisi tunapojiandikisha tunauliza vitu vyote isipokuwa hicho. Tunauliza minervali ni ngapi, tunauliza kama mtu anaweza kulipa kidogo kidogo, tunauliza kama kuna masomo ya jioni. Ni wachache sana wanaouliza: karatasi ya agrema iko wapi, ina tarehe gani, na inataja tawi gani?

Kuna chuo kilichopewa ruhusa tu ya kufungua milango na kufundisha, na kuna chuo kilichokwisha kupewa agrema kamili. Kuna pia chuo ambacho makao yake makuu yanatambuliwa vizuri, lakini tawi lake la kwenu, au fakilte yake mpya, haimo katika ile karatasi. Mara kadhaa wizara imetuma watu kuchunguza vyuo, na vingine vikaambiwa vifunge. Mwanafunzi aliyekuwa mwaka wa tatu siku hiyo hakukosa akili; alikosa karatasi moja ambayo hakuwa na habari nayo.

KWA NINI TUNAAMINI JINA LA CHUO NDILO KAZI

Imani hii haikuanguka kutoka juu. Ina historia yake, na kwa wakati wake ilikuwa kweli.

Kongo ilipopata uhuru mwaka 1960, Wakongomani waliokuwa wamemaliza iniversite hawakufika hata thelathini. Thomas Kanza, anayehesabiwa kuwa wa kwanza kati ya wasio mapadri, alimalizia Louvain, Ubelgiji, mwaka 1956. Hapa nchini Lovanium ilikuwa imefunguliwa mwaka 1954, na ile ya Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1956. Mnamo Septemba 1960, Mobutu alipowasimamisha wanasiasa, aliweka nchi mikononi mwa baraza la makomisa likiongozwa na Justin Bomboko, aliyesomea Brussels. Wengi katika baraza hilo walikuwa vijana waliotoka masomoni au waliokuwa wangali wanafunzi. Fikiri kidogo: mtu anatoka darasani anaingia wizarani. Kwa kizazi kile, kusema "niko iniversite" ilikuwa sawa na kusema "nangojea ofisi yangu".

Mwaka 1971 iniversite tatu za wakati huo zilikusanywa kuwa moja, UNAZA. Mwaka 1981 zikatenganishwa tena zikawa UNIKIN, UNILU na UNIKIS. Mpaka hapo vyuo vilikuwa vichache na diplome zilihesabika. Huku kwetu Kivu, mtoto wa Uvira aliyetaka kuwa mwalimu alipanda Bukavu kwenye ISP, iliyoanzishwa mwaka 1961.

Kisha milango ikafunguka. Bukavu pekee ikapata UCB mwaka 1989, UEA mwaka 1991, na mwaka 1993 kituo kilichokuwa tawi la Kisangani, ambacho mwaka 2004 kikasimama chenyewe kikawa UOB. Baadaye vyuo na matawi vikashuka mpaka Uvira, Baraka na Fizi. Hilo ni jambo jema. Msichana wa Makobola ambaye baba yake asingemruhusu kwenda kupanga chumba Bukavu, leo anasoma na kurudi nyumbani jioni.

Lakini wakati diplome zinaongezeka, viti havikuongezeka. Kiwanda cha sukari cha Kiliba, kilichokuwa kikilisha familia nyingi za bonde la Ruzizi, kilisimama katika vita vya mwaka 1996. Waliobaki wakawa wanatazama pande mbili tu: ONG na Leta. Na ndani ya Leta, mfanyakazi mzee anajua kwamba akitoka na pensheni ikachelewa, atakufa na njaa. Basi anabaki kwenye kiti. Mfuko wa pensheni ya wafanyakazi wa Leta, CNSSAP, uliundwa mwaka 2015 ili kutengeneza jambo hilo, lakini deni la miaka mingi haliishi kwa siku moja. Kwa hiyo kabla ya kusema "hawakunichukua juu ya chuo changu", uliza kwanza: kiti kilikuwepo?

NGAZI: LISANSE IPI?

Hapa naomba msome polepole, maana ndipo dosie nyingi zinapokwama bila mtu kuwa na nia mbaya.

Katika mfumo wa zamani, mtu alisoma miaka 3 akawa gradue, akaongeza 2 akawa lisansie. Lisanse ilikuwa miaka 5. Kazi za Leta zilipangwa hivyo: lisansie anaingia kama atashe wa ngazi ya kwanza, gradue kama atashe wa ngazi ya pili, na mwenye D6 anaanzia chini yao. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, LMD ikawekwa nchi nzima: lisanse miaka 3, masta miaka 2, kisha udaktari. Sasa neno lilelile "lisanse" linabeba miaka 5 kwa kaka na miaka 3 kwa mdogo wake. Wote wawili wanasoma tangazo moja lililoandikwa "lisanse", kila mmoja anajiona ndiye aliyeitwa.

Sheria ya wafanyakazi ni ya 2016, na LMD ilienea miaka mitano baadaye. Ndiyo maana tangazo likitoka, usisome neno tu. Tafuta hesabu ya miaka baada ya D6. Wakiandika "bac+5" na wewe uko na lisanse mpya ya miaka 3, si kwamba chuo chako kimedharauliwa. Umeitwa mtu wa masta. Na wakiandika "bac+3", yule gradue wa zamani naye ana haki ya kuuliza kama yumo.

Sasa tuje kwa ndugu zetu wa Bujumbura. Kutoka Uvira mpaka pale ni karibu kilomita 30, unapita Kavimvira na Gatumba, na kwa miaka mingi vijana wetu wamevuka kwenda kusoma kule. Burundi nayo ilibadilisha mfumo wake, lakini wao wanauita BMD. Diplome ya miaka 3 ya iniversite kule inaitwa "baccalauréat". Huku kwetu, mtu akisikia "bac" anafikiri D6, mambo ya sekondari! Basi unaweza kufika ofisini na karatasi ya miaka mitatu ya iniversite, na yule anayepokea dosie akaiweka upande wa waliomaliza sekondari. Hana chuki nawe. Anasoma neno kama anavyolijua.

Dawa yake ni ile ekivalansi, inayoombwa kwenye wizara ya elimu ya juu, Kinshasa. Vivyo hivyo kwa waliosomea Kigoma, Kampala au Kigali. Tatizo ni wakati. Tangazo la konkuru linatoa siku chache, ekivalansi haikubali kuharakishwa hivyo. Anayeanza kuitafuta siku tangazo linatoka, amekwisha kuchelewa. Ianze siku unapopokea diplome yako, hata kama hakuna konkuru inayoonekana.

MAKAZI: ASIYEKUWEPO NA LAKE HALIPO

Nilisema tutalirudilia neno "makazi". Katiba inakataza kumbagua mtu kwa makazi yake, lakini jiografia haijasoma Katiba.

Wizara ziko Kinshasa. Shule ya Taifa ya Utawala, ENA, iliyoanzishwa upya mwaka 2013 ili kuandaa wafanyakazi wa ngazi ya juu, inafundisha Kinshasa. Toka Uvira mpaka kule hakuna barabara ya kumpeleka mtu kwa basi. Ni ndege, na ndege yenyewe unaifuata mbali. Mwenzako aliyesomea UNIKIN anasikia habari ya nafasi kituoni cha basi, anapeleka dosie yake mchana, jioni anakula kwao. Wewe unapata habari hiyohiyo kwa picha iliyopigwa vibaya kwenye WhatsApp, siku mbili kabla ya mwisho, na unaanza kutafuta ni mkwe yupi yuko Kinshasa wa kukupelekea karatasi.

Ukishindwa hapo, utasema: "Bamechukua ba UNIKIN." Ni kweli, pengine wamechukuliwa wengi wa UNIKIN. Lakini kilichofanya kazi si jina la UNIKIN, ni kilomita. Wazee walisema asiyekuwepo na lake halipo, na kwa mambo ya Leta methali hii inafanya kazi kila siku.

Vita navyo vimeongeza uzito. Januari 2025 Goma ilichukuliwa na M23, Februari ikafuata Bukavu, na serikali ya jimbo ikahamia hapa Uvira. Kwa miezi ile, mtu aliyesomea Bukavu na kuishi Uvira alikuwa upande mmoja wa mstari wa vita, na ofisi ya chuo chake inayotoa releve ya pointi ikiwa upande mwingine. Desemba 2025 vita vikafika Uvira penyewe, na maelfu wakavuka kwenda Burundi. Watu walibeba watoto, sufuria na magodoro. Nani anakumbuka diplome iliyo chini ya sanduku siku kama hiyo? Na bila hiyo karatasi, miaka mitano ya masomo inabaki maneno ya mdomo.

WATU: HABARI NA MKONO SI KITU KIMOJA

Tunapenda kusema "bila mkubwa hupati". Tusidanganyane, mikono ipo: chama, kabila, kanisa, shemeji. Watu wanaingia bila konkuru na matrikule yao inatoka kabla ya wale waliongoja miaka. Sheria imekataza, na kukataza hakujatosha.

Lakini kuna kitu kingine tunachokichanganya na mkono. Chuo cha zamani kina watu waliokwisha kuingia kila ofisi: mmoja yuko DGI, mwingine DGDA, mwingine tribinali, mwingine kwenye divisheni ya jimbo. Hawa wakikutana kwenye harusi au kilio, wanaongea. "Kwetu wazee watatu watatoka mwaka huu." "Konkuru inakuja, waambie wadogo waanze kurudia sheria ya utawala." Hiyo si rushwa. Ni habari. Mdogo wao anaanza kujitayarisha miezi sita kabla, wewe siku sita. Siku ya mtihani yeye anaonekana ana akili kuliko wewe, na watu wanasema chuo chake kinafundisha vizuri. Pengine kinafundisha vizuri. Lakini pia alipewa miezi sita.

Chuo kipya hakina watu hao bado. Hakijazeesha mtu yeyote kazini. Hiyo ndiyo tofauti kubwa ninayoiona kati ya diplome ya chuo cha miaka sitini na ya chuo cha miaka kumi, hata kama zote mbili zina agrema.

Chukua ualimu, ambao kwa huku kwetu ndio mlango mpana kuliko yote wa kuingia Leta. Shule nyingi ni za Leta kwa mshahara, lakini zinaongozwa na makanisa kwa mapatano ya tangu mwaka 1977: za Wakatoliki, za Waprotestanti, za Wakimbangu, na Waislamu nao wana zao. Aliyetoka ISP ana mafunzo ya ualimu ndani ya diplome yake. Aliyetoka fakilte nyingine anaweza kujua hesabu kumpita, lakini prefe atamwuliza kama amejifunza kufundisha. Halafu anakuja padri, pasta au mratibu wa shule anayekujua au asiyekujua. Na ukishapata darasa, unaanza kungojea matrikule. Elimu ya msingi ya bure ilipoanza Septemba 2019, watoto walijaa madarasani, walimu wakahitajika, na wengi wakaingia kazini bila kuwa kwenye orodha ya malipo. Ndio tunaowaita NU, wapya wasiolipwa. Nimewaona wa vyuo vyote katika hali hiyo. Foleni ya NU haiulizi ulisomea wapi. Jina kubwa halikuondoi humo.

WENGINE WANAFANYAJE

Tusifikiri shida hii ni ya kwetu tu. Ufaransa ilikuwa na ENA yake tangu mwaka 1945. Watu waliingia kwa konkuru, karatasi haina jina, na bado miaka nenda miaka rudi waliofaulu walitoka sana Sciences Po ya Paris na katika familia zilezile. Malalamiko yalifikia mahali ambapo ENA ilifutwa na chuo kingine kikaanza mahali pake Januari 2022. Funzo ni kwamba hata konkuru safi haifuti tofauti ya maandalizi.

Ng'ambo ya ziwa, Tanzania, kuna Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Nafasi zinatangazwa mahali pamoja kwenye intaneti, na mtu anatuma maombi kwa njia hiyohiyo. Aliyesomea nje ya nchi anatakiwa diplome yake itambuliwe na TCU. Nako wanalalamika, waombaji ni wengi na nafasi ni chache. Lakini kijana wa Kigoma anasoma tangazo saa ileile na kijana wa Dar es Salaam. Kati ya yale mambo matatu, la habari limepunguzwa makali. Huku kwetu hilo ndilo ningetaka tudai kwa wakubwa, kabla ya kudai jina la chuo chetu liheshimiwe: tangazo moja, mahali pamoja, siku moja kwa nchi nzima, na kituo cha mtihani karibu.

TUFANYE NINI SISI WENYEWE

Wakati tunangojea hayo, haya yako mikononi mwetu.

Kwanza, wewe unayetaka kujiandikisha: omba kuona agrema kabla ya kulipa. Soma tarehe, soma jina la tawi, soma majina ya fakilte. Kama wanakuzungusha, hilo nalo ni jibu.

Pili, wewe unayemaliza mwaka huu: usitoke chuoni na atestasio tu. Fuata diplome yenyewe na releve za miaka yote, na umwombe sekretari wa chuo akuonyeshe kama diplome za promosio yako zimekwisha kupita kwenye wizara. Ukishahama mji, kazi hiyo itakugharimu mara kumi.

Tatu, kila karatasi piga picha nzuri, iweke kwenye imeli yako na kwa mtu mmoja unayemwamini anayeishi mbali na Uvira. Pamoja na diplome weka D6, cheti cha kuzaliwa na kadi ya uchaguzi. Nakala haichukui nafasi ya karatasi yenyewe, lakini inasaidia kuthibitisha kwamba ilikuwepo.

Nne, uliyesomea nje: ekivalansi leo, si kesho. Mkiwa wengi wa chuo kimoja, tumeni dosie zenu pamoja kwa mtu mmoja anayesafiri, mgawane gharama.

Tano, jitayarishe kabla ya tangazo. Katiba, sheria ya wafanyakazi wa Leta, majimbo na mipaka ya madaraka yake, kuandika barua ya kiofisi kwa Kifaransa kilichonyooka. Kifaransa hicho ndicho kinachowaangusha wengi wetu tuliozoea kuongea Kiswahili kutoka asubuhi mpaka usiku, na hakina chuo. Kinatokana na kusoma kila siku.

Sita, na hili ni letu kama shirika la wasomi. Vyuo vyetu vipya havina wazee ofisini. Basi sisi tulio wachache tulioingia, wa chuo chochote, tuwe ndio wazee hao. Ukiona tangazo mlangoni mwa ofisi yako, lipige picha inayosomeka, na tarehe yake, ulitume hapa siku hiyohiyo. Usilifungie kwa mdogo wako wa tumbo moja tu. Mtu wa UCB amwambie wa Uvira, wa Uvira amwambie wa Baraka, wa Baraka amwambie aliyekimbilia Burundi. Hatutamaliza mambo ya mikono kwa kufanya hivyo. Lakini tutakuwa tumewapa wadogo wetu zile miezi sita ambazo wengine wanapewa na chuo chao.

Kwa yule mdogo wetu wa D6 aliyeniuliza achague chuo gani, jibu langu ni fupi: chagua kinachotambuliwa, chenye somo utakaloliweza, na ambacho wazazi wako watakilipa mpaka mwisho bila kuuza shamba. Halafu toka na karatasi zako zote. Mengine tutasaidiana.